Kuchagua Walinzi wa Moto

1. Adui wa kiangazi

Nchi ya Singida ina majira mawili makubwa, masika na kiangazi. Mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba au Desemba, nayo hukoma mwezi wa Aprili au Mei. Wakati wa masika majani hukua hata kumfikia mtu kiunoni. Kisha mvua hukatika, upepo huvuma siku baada ya siku, na majani yale yale yaliyolisha ng'ombe hukauka yakawa kama makapi. Tangu hapo mpaka mvua zirudi, nchi nzima hungoja cheche moja tu.

Cheche hiyo hutoka wapi? Mara chache hutoka mbinguni, maana radi huja pamoja na mvua. Mara nyingi hutoka mkononi mwa mtu. Mkulima huchoma mabua ili asafishe shamba lake, upepo ukamshinda. Mrina asali hupanda mtini na mwenge wenye moshi ili awafukuze nyuki, makaa yakaanguka chini asiyaone. Mchungaji huchoma majani makavu ili mabichi yachipue upesi. Mchoma makaa huacha tanuru lake likiwaka usiku, akaenda kulala. Katika watu hao huenda asiwepo hata mmoja aliyekusudia kuunguza msitu wala boma la jirani yake. Lakini moto hauulizi makusudi ya mtu aliyeuwasha.

Tena mioto yote si sawa. Moto upitao mwezi wa Mei au Juni, wakati majani hayajakauka sana, huenda polepole na joto lake ni dogo, hata miti mikubwa huokoka. Lakini moto wa Septemba au Oktoba ni mkali kabisa. Huua miche michanga, hupasua maganda ya miti, huteketeza mizinga ya nyuki iliyotundikwa juu, na ukifika mlimani hupanda mbio kuliko mtu awezavyo kukimbia. Kwa hiyo wazee wajuao nchi hawangoji kuona moshi ndipo waufikiri moto. Huufikiri tangu majani yanapoanza kugeuka rangi.

2. Moto wa wote ni kazi ya nani?

Katika miji yetu wako watu waliowekwa kwa kazi ya kuzima moto. Sheria ya mwaka 2007 iliunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mwenye simu huliita kwa kupiga 114. Lakini fikiri, ewe msomaji, juu ya kijiji kilicho mbali na barabara, chenye msitu upande mmoja na mashamba upande wa pili. Gari la maji litakapofika, moto utakuwa umekwisha kula, umeshiba, umelala. Katika kijiji cha namna hiyo mzimaji ni yule yule mkulima, naye silaha zake ni jembe, mchanga na matawi mabichi.

Lakini kuzima ni kazi ya siku moja. Kuzuia ni kazi ya mwaka mzima, nayo ndiyo iliyo ngumu. Ni nani atakayewaita watu wakafyeke kinga ya moto, yaani njia pana isiyo na majani, ili moto ufikapo pale ukose chakula? Ni nani atakayezunguka mpakani jua la saa nane? Ni nani atakayemwambia jirani yake, Usichome leo, ngoja upepo utulie? Ni nani atakayepokea fedha za faini, na kuziandika, na kuzionyesha? Kazi iliyoachiwa watu wote kwa jumla haifanywi na mtu hata mmoja. Kila mmoja humdhania mwenzake kuwa ameifanya. Basi haina budi wachaguliwe watu wanaojulikana kwa majina, ili siku ya kuulizwa wajulikane wa kuulizwa.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika Marekani mashamba mengi yako mbali na miji, wala hayana wazimaji wa mji. Huko, katika majimbo mengi, majirani wameungana wakafanya eneo lao la zimamoto, wakajitoza kodi kwa ajili ya kazi hiyo, na kuchagua kwa kura baraza dogo la watu, mara nyingi watatu au watano. Baraza hilo huamua kodi iwe kiasi gani, gari la maji linunuliwe lini, na nani awe mkuu wa wazimaji. Mtu atakaye kiti katika baraza hilo husimama mbele ya jirani zake na kuomba kura zao, ingawa malipo ya kazi mara nyingi ni madogo, au hayapo kabisa. Hivyo mkulima wa kule na mkulima wa Singida huulizwa swali lile lile: Ni nani tumwaminiye kulinda mali yetu sote?

3. Habari za msitu wa Mgori

Zamani za utawala wa Waingereza watu hawakuulizwa swali hilo. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri katika nchi zao, na uchomaji wa majani ulikuwa mojawapo ya mambo waliyoweza kuyakataza. Chifu aliamuru, na watu walitii, au walichoma wakati asipowaona. Mwaka 1963, baada ya uhuru, utawala wa machifu uliondolewa. Mwaka 1975 ilitungwa sheria ya kuanzisha halmashauri za vijiji, na mwaka 1982 ikafuata sheria nyingine iliyozipa serikali za mitaa umbo lake. Hapo mwanakijiji alipata kuwa mtu wa kuchagua na kuchaguliwa.

Mashariki ya mji wa Singida uko msitu wa Mgori. Ni msitu wa miombo, na ukubwa wake wapita hekta 40,000. Vijiji vitano vimepakana nao, navyo ni Pohama, Ngimu, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga. Msitu huo ulikuwa ukiharibika kwa moto, kwa ukataji wa mbao, na kwa mashamba yaliyofunguliwa ndani yake kisha yakaachwa. Serikali ilikuwa imekusudia kuufanya hifadhi yake, uwe chini ya walinzi wake. Lakini walinzi wa serikali walikuwa wachache, na msitu ulikuwa mkubwa. Mtu mmoja aliyekaa mjini angewezaje kuuona moshi uliotoka mwendo wa siku nzima?

Basi mwaka 1995 ilifuatwa njia nyingine. Mfano wake ulikuwa umekwisha kuonekana mwaka 1994 katika msitu wa Duru-Haitemba, huko Babati. Vijiji vyenyewe vilipewa kazi ya kuulinda msitu. Kila kijiji kilipata sehemu yake na kujua mpaka wake. Kila kijiji kilifanya kanuni zake, kikaweka kamati ya msitu, na kuchagua walinzi wa kuuzunguka. Walinzi hao hawakuwa waajiriwa wa serikali. Walikuwa watoto wa vijiji vile vile. Katika miaka ile ya kwanza moto ulipungua, mashamba ya ndani ya msitu yaliachwa, na waliokata mbao bila ruhusa walikutana na watu wa kuwauliza.

Kwa nini waliweza mambo yaliyowashinda waliotumwa kutoka mbali? Si kwa kuwa walikuwa na nguvu zaidi. Waliokaa kando ya msitu ndio waliouona moshi kwanza, nao ndio waliokuwa na cha kupoteza: kuni, asali, dawa, malisho ya kiangazi, na miti ya kujengea. Tena mvunja kanuni hakuweza kusema, Hii ni amri ya wageni. Kanuni ilikuwa yake mwenyewe, naye alikuwapo siku ilipokubaliwa.

4. Kiti na masharti yake

Sasa tuangalie namna mtu anavyopata kuketi katika kiti cha namna hii.

Mamlaka yaliyo makubwa kijijini ni Mkutano wa Kijiji, nao ni wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18. Chini yake iko Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, wanawake wakiwamo. Uchaguzi wake hufanywa kila baada ya miaka mitano. Ule wa mwaka 2024 ulifanywa tarehe 27 Novemba. Atakaye kugombea sharti awe raia wa Tanzania, mkazi wa mahali pale, mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Sharti ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe na kazi ya halali ya kumpatia riziki. Tena sharti awe mwanachama wa chama cha siasa, nacho kimdhamini.

Halmashauri hugawa kazi zake kwa kamati. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2004, imekiruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya msitu na kamati ya kuitunza. Kamati hiyo huwekwa kwa idhini ya Mkutano wa Kijiji. Haifai iwe ya wanaume peke yao, kwa maana mwanamke atafutaye kuni huijua hali ya msitu kuliko mtu akaaye barazani. Nayo haina budi kuueleza Mkutano habari za kazi yake. Kanuni za kijiji, ziitwazo sheria ndogo, hukubaliwa kwanza na Mkutano, kisha hupelekwa kwa Halmashauri ya Wilaya zithibitishwe. Hapo hupata nguvu ya sheria, na faini yake hulipwa na mkubwa na mdogo.

Hayo ndiyo masharti yaliyoandikwa. Lakini liko sharti moja lisiloandikwa, nalo lapita yote. Tulitazame kwa njia ya mfano.

5. Mfano wa wagombea wawili

Tuwaze kijiji kimoja kilichoko kando ya msitu. Jina lake si kitu, maana mfano huu umetungwa kwa ajili ya mafundisho. Kiti kimoja cha kamati ya msitu kilikuwa wazi, na watu wawili walikitaka.

Wa kwanza alikuwa mtu mwenye duka na ng'ombe wengi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mwenye kucheka na watu, wala hakumnyima mtu mkopo wa chumvi. Siku tatu kabla ya mkutano, pombe ya mtama ilinywewa nyumbani kwake bila malipo. Wa pili alikuwa mjane mwenye shamba la alizeti lililopakana na msitu. Watu walimjua kwa jambo moja: kila mwaka mwezi wa Mei alifyeka kinga ya moto kuzunguka shamba lake, hata kama hakupata msaidizi.

Siku ya mkutano mzee mmoja alisimama akasema, "Ndugu zangu, nina swali moja kwa hawa wawili. Moto ukitoka katika shamba la ndugu yako wa tumbo moja, utafanyaje?"

Mwenye duka akacheka, akajibu, "Mzee wangu, ndugu ni ndugu. Mambo ya namna hiyo tutayamaliza nyumbani. Mimi sikuja kuwatoza faini watu wangu." Watu wengi wakampigia makofi.

Mjane akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shikamoo mzee. Mwaka juzi moto ulitoka katika shamba la kaka yangu. Nilikuwa wa kwanza kupiga yowe, na wa kwanza kumtaja. Alitozwa faini, nami nikamsaidia kuilipa kwa madebe mawili ya mtama. Mpaka leo wifi yangu hanisalimu vizuri. Likitokea tena, nitafanya vile vile."

Mkutano ukawa kimya. Kura zilipohesabiwa, mwenye duka alikuwa ameshinda.

Mwaka wa kwanza kinga ya moto ilifyekwa nusu. Mwaka wa pili haikufyekwa kabisa, kwa kuwa asiyekuja kazini hakuulizwa neno. Mpwa wa mjumbe yule alichoma shamba lake siku ya upepo, akasamehewa. Mara ya pili akasamehewa tena. Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa Oktoba. Moto ukaruka mpaka, ukaingia msituni, upepo ukaugeuza, ukarudi kijijini usiku. Watu wakapigana nao mpaka alfajiri. Hakufa mtu, lakini mizinga ya nyuki iliteketea, nyumba mbili zikaungua, na ghala la mwenye duka mwenyewe likawa majivu.

Mkutano ulipokutana, wako waliotaka kumtukana. Mzee yule akawazuia akasema, "Msimlaumu peke yake. Yeye alituambia wazi atakavyofanya, nasi tukampigia makofi. Tulichagua moto huu kwa mikono yetu wenyewe."

Mwenye duka akasimama, akaomba kuondoka katika kiti chake. Watu wakamgeukia yule mjane. Akasema, "Nitaketi, lakini kwa sharti moja. Mwezi wa Mei kila mtu aliye na nguvu aje na jembe lake, na asiyekuja atozwe, hata akiwa mwanangu." Wakakubali. Nao mwezi wa Mei ulipofika, mtu wa kwanza kutokea mpakani na jembe begani alikuwa mwenye duka.

6. Maana ya mfano

Sharti lisiloandikwa ni hili: mgombea awe mtu awezaye kumwambia ndugu yake, Hapana. Elimu ni njema, na maneno matamu hayadhuru. Lakini moto haujui jamaa wala rafiki, na mlinzi ajuaye jamaa na rafiki tu hawezi kuuzuia. Kiti cha mlinzi si mahali pa kupumzika. Atakayekitaka ahesabu kwanza gharama yake: siku alizopoteza shamba lake mwenyewe, maneno ya nyuma ya mgongo, na salamu baridi za jamaa.

Angalia pia ya kuwa mjane yule hakumtaja kaka yake kwa chuki. Alimtaja, kisha akamsaidia kulipa. Haki isiyo na huruma huvunja kijiji, na huruma isiyo na haki hukiunguza. Mjumbe mwema hushika zote mbili, kila moja kwa mkono wake.

Lakini mafundisho haya si ya wagombea tu. Ni ya wapiga kura zaidi. Mtu akinywa pombe ya mgombea leo, atailipa katika kiangazi. Mpiga kura mwenye akili hauulizi moyo wake, Ni nani atakayenihurumia nikikosa? Huuliza, Ni nani atakayenizuia nisikose? Tena kazi yake haimaliziki siku ya kura. Kwa sheria Mkutano wa Kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Yampasa aende, asikilize hesabu, aulize faini zimekwenda wapi, na akiona kinga imeota majani, aseme wakati ungali mapema.

Wazee wa Kiswahili walisema, Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga ni kijiti cha moto: kimoja peke yake huzimika, viwili vikikutana huwaka. Walikuwa wakisifu umoja wa kazi. Nasi tunaweza kuligeuza neno hilo tukasema, Mkono kwa mkono ndipo moto uzimikapo. Mjumbe mmoja hawezi kuzima moto wa msitu, hata awe mwaminifu namna gani. Lakini aweza kuwaita watu wakati wake, nao wakija, msitu utakuwapo hata wajukuu wakachume matunda yake.

Wewe usomaye, huenda umri wako haujafika miaka 18, wala huwezi kupiga kura. Lakini waweza kuanza sasa. Ukiota moto malishoni, uzime kwa mchanga na maji mpaka majivu yapoe, ndipo uondoke. Ukiuona moshi msituni, usipite tu; piga yowe, ukimbie kumwambia mkubwa. Na mwenzako akikosa, usimfiche wala usimcheke. Mwambie kweli, kisha msaidie kutengeneza. Afanyaye hivyo katika mambo madogo, siku moja jirani zake watamwita aketi katika kiti kikubwa, naye hatakiogopa.

Maneno

Kinga ya moto: njia pana iliyofyekwa ili moto usipite.
Kinga: kijiti kinachowaka ncha moja.
Mrina asali: mtu atoaye asali mizingani.
Sheria ndogo: kanuni za kijiji zilizothibitishwa na wilaya.
Kudhaminiwa: kusimamiwa na chama katika kugombea.

Maswali

1. Kwa nini moto wa Oktoba ni mbaya kuliko moto wa Juni?
2. Taja vijiji vitano vinavyopakana na msitu wa Mgori. Ni jambo gani lililofanyika huko mwaka 1995?
3. Mtu atakaye kugombea kiti cha Halmashauri ya Kijiji sharti awe na umri gani? Taja masharti mengine matatu.
4. Mzee aliwauliza wagombea swali gani? Eleza tofauti ya majibu yao.
5. Kwa nini mzee alisema, "Tulichagua moto huu kwa mikono yetu wenyewe"?
6. Andika habari fupi: Katika kijiji au mtaa wenu, ni kazi gani ya watu wote isiyofanywa kwa kuwa kila mtu humngojea mwenzake? Ungemchagua mtu wa namna gani aisimamie, na kwa nini?